Kufundisha uhandisi wa roboti kwa vigari vya bei rahisi: mwongozo kwa walimu wa Unguja na Pemba

Skuli ikibahatika kupata roboti, mara nyingi hupata moja tu. Inafungiwa kabatini, ufunguo anakaa nao mwalimu mkuu, na inatolewa siku ya mgeni. Wanafunzi wanaiona ikitembea, wanapiga makofi, inarudi kabatini. Hapo hakuna uhandisi uliofundishwa. Roboti ya kufundishia ni ile ambayo mwanafunzi ana ruhusa ya kuifungua, kuiunguza na kuijenga upya wiki ijayo, na ruhusa hiyo hakuna mwalimu atakayeitoa kwa kitu cha gharama. Kwa hiyo urahisi wa bei si suala la umasikini wa skuli zetu. Ni sharti la somo lenyewe.

Wazo hili si geni. Mwaka 2012 mtandao wa African Robotics Network, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana na Ken Goldberg wa Berkeley, California, uliitisha shindano la kubuni roboti ya kufundishia kwa gharama ya dola 10. Mojawapo ya zilizoshinda, Suckerbot ya Tom Tilley, ilitengenezwa kwa rimoti ya michezo ya video. Juu ya vile vijiti viwili vya kuchezea alichomeka pipi mbili za kijiti ziwe uzito: roboti ikigonga ukuta, pipi zinayumba, vijiti vinasogea, na kompyuta inajua kuwa kuna kizuizi. Nakihadithia kisa hiki kwa sababu mwalimu akishaona pipi imekuwa sensa, yaani kifaa cha kuhisi, hatosubiri tena kontena la vifaa.

Hapa tutajenga roboti tatu. Ya kwanza haina kompyuta kabisa, ya pili inayo, na ya tatu haitembei.

Kabla ya kununua kitu

Gawa wanafunzi wawili wawili, wakizidi sana watatu. Kundi la sita kwa roboti moja lina mjenzi mmoja na watazamaji watano. Kipimo changu cha bei ni hiki: gharama ya kigari kimoja isizidi ya jozi ya viatu vya skuli. Ikizidi, punguza vitu, usipunguze wanafunzi.

Kila kundi liwe na mjenzi, mpimaji na mwandishi (wakiwa wawili, mpimaji ndiye mwandishi), na kazi zizunguke kila kipindi. Usipozizungusha, utakuta wavulana wameshika bisibisi mpaka mwisho wa muhula na wasichana wameandika daftari zuri sana. Na kwa wanaovaa mtandio, ncha zichomwe pini au zitiwe ndani ya nguo kabla ya mtu kushika chuma cha kulehemu au kukaribia gurudumu linalozunguka.

Halafu peleka kundi zima kwa mafundi wa redio na simu, Darajani, Mlandege, Chake au Wete, ukiwa na gunia. Omba mabovu: deki za DVD, printa, maus za kompyuta, vitu vya kuchezea vya betri, redio. Humo mna mota, gia, swichi ndogo, nyaya na vile vitufe vya kuzungusha sauti. Kuvifumua vitu hivyo ni somo kamili, nami ningelitengea vipindi viwili. Deki ya DVD inaonyesha vizuri kuliko mchoro wowote jinsi mota ndogo yenye mbio inavyogeuzwa kuwa nguvu ya kusukuma trei. Angalizo moja: televisheni za kichogo na sehemu ya umeme mkubwa ya kifaa chochote ziachwe kwa fundi. Zinaweza kuweka chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Vya kununua, kwa kila kigari:

- mota 2 za manjano zenye gia ndani, za volti 3 hadi 6
- kishikio cha betri 4 ndogo, jumla volti 6
- transista 2, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme mdogo, aina ya TIP122 (TIP120 inafaa pia)
- sensa 2 za mwanga, zile za duara zenye mchirizi wa nyoka usoni, ziitwazo LDR
- rezista (vizuizi vya umeme) 2 za omu 1,000 na diodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) 2 za 1N4007
- potenshomita 2 za omu 10,000, yaani kitufe cha kuzungusha kama cha sauti ya redio
- bodi ya kuchomekea nyaya, ili msilazimike kulehemu kila kitu

Usivyovipata Unguja vipo Kariakoo, na kifurushi chake hakijazi hata mfuko wa koti la anayekuletea kwa boti. Multimita, yaani kipimo cha volti, mkondo na ukinzani, moja au mbili zinatosha darasa zima.

Roboti ya kwanza: kigari kinachoona mwanga

Kiunzi cha kigari msinunue. Watoto wa visiwa hivi wanatengeneza vigari vya makopo tangu makopo yalipoanza kuingia bandarini, kwa hiyo waachie. Gurudumu zuri linakatwa kwenye soli ya ndara kuukuu: weka kopo dogo juu yake, chora duara, kata. Nyuma mota mbili, mbele kizibo cha chupa kilichogeuzwa kinachoteleza juu ya sakafu. Kizibo kina faida moja kubwa juu ya gurudumu la kuzunguka pande zote, nayo ni kwamba hakikwami.

Kwanza fungeni mota moja kwa moja kwenye betri, bila kingine. Chora mstari wa chaki wa mita 2 sakafuni, weka kigari juu yake, kiachie. Kitapinda. Cha kila kundi kitapinda kivyake, na kila mtu atasema chake kimeharibika. Hapa usiwaharakishe, maana ndipo darasa la uhandisi linapoanza. Wapime kimetoka nje ya mstari kwa sentimita ngapi, warudie mara 5, watoe wastani. Kisha wapime kipenyo cha kila gurudumu. Tofauti ya milimita 1 katika gurudumu la milimita 65, magurudumu yakiwa yameachana sentimita 13, inakitoa kigari karibu sentimita 24 nje ya mstari ndani ya mita 2. Hesabu yake ni ya duara tu, wanayoijua tangu madarasa ya chini: gurudumu kubwa linakwenda njia ndefu zaidi kila mzunguko, basi kigari kinachora sehemu ya duara kubwa lenye nusu kipenyo cha kama mita 8.4. Mwanafunzi aliyeikokotoa hiyo kisha akaikuta sakafuni hatakuuliza tena hesabu ina kazi gani.

Sasa saketi, yaani njia ya umeme. Fanyeni upande mmoja mpaka ufanye kazi, ndipo muuige wa pili.

1. Shika transista maandishi yakikutazama, miguu chini. Kutoka kushoto: besi, kolekta, emita.
2. Emita iende kwenye hasi ya betri.
3. Waya mmoja wa mota uende kwenye chanya ya betri, wa pili kwenye kolekta.
4. Diodi ifungwe sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya. Mota ikizimwa hurusha volti kubwa kwa mara moja, na diodi ndiyo inayoipokea.
5. Kutoka chanya pita kwenye sensa ya mwanga, kisha rezista ya omu 1,000, mpaka kwenye besi.
6. Mguu wa kati wa potenshomita uende kwenye besi, mmoja wa pembeni kwenye hasi. Anzeni kikiwa kimezungushwa upande wa kuzuia kwingi.

Mantiki yake: sensa hii ikipata mwanga ukinzani wake unashuka, umeme mdogo unaingia kwenye besi, na transista inafungulia umeme mkubwa wa mota. TIP122 inakuza mkondo kiasi cha mara 1,000, ndiyo maana mkondo usiofika hata milliampia 1 unaisukuma mota nzima. Wanafunzi wazungushe potenshomita taratibu hadi mota isimame kwa mwanga wa chumba na iende inapomulikwa na tochi ya simu. Kipande cha chuma mgongoni mwa transista kimeungana na kolekta, kwa hiyo vya kushoto na kulia visigusane. Vikigusana, kigari chote kinakwenda kama chenye mota moja na mtatafuta ugonjwa mpaka adhuhuri.

Jua letu ni kali mno kwa jaribio hili. Nje, sensa zote mbili zinashiba mwanga na kigari kinakwenda tu kama mwehu. Fanyeni ndani, madirisha yamefunikwa kanga. Umeme ukikatika wakati wa jioni, shukuruni.

Ikishafanya kazi, elekeza sensa moja kushoto na nyingine kulia, kisha wape jaribio hili. Kwanza sensa ya kushoto iendeshe mota ya kushoto. Tochi ikija kutoka kushoto, gurudumu la kushoto linaongeza mbio na kigari kinageukia kulia: kinakimbia mwanga. Sasa badilisheni nyaya ziwe mkingamo, sensa ya kushoto iendeshe mota ya kulia. Kigari kilekile kinaufuata mwanga na kuugonga. Hakuna programu na hakuna kompyuta. Kilichobadilika ni nyaya mbili, na mtazamaji yeyote atasema cha kwanza kioga na cha pili kigomvi. Valentino Braitenberg, mwanasayansi wa ubongo, alivieleza vigari vya aina hii mwaka 1984 kuonyesha jinsi tabia inayoonekana ngumu inavyoweza kuzaliwa na muunganiko mwepesi. Kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1940, William Grey Walter, naye mtafiti wa ubongo, alikuwa Bristol, Uingereza, na roboti zake mbili zilizofanana na makobe, Elmer na Elsie, zikihangaikia taa. Waulize wanafunzi kabla ya kubadilisha nyaya: kitafanya nini? Wakae kimya waandike jibu. Anayebahatisha baada ya kuona hajifunzi kitu.

Kipindi kimoja bila kifaa chochote

Kabla ya programu, mwanafunzi mmoja awe roboti. Mfungeni macho, mpeni amri tatu tu: mbele hatua moja, geuka kulia robo, geuka kushoto robo. Wenzake waandike karatasini amri za kumtoa mlangoni hadi ubaoni, na mmoja azisome bila kuruhusiwa kurekebisha. Atajigonga kwenye dawati. Watafute mstari wenye kosa ndani ya karatasi, si ndani ya mwenzao.

Roboti ya pili: kufuata mstari kwa programu

Msivunje kigari cha kwanza. Kiunzi, mota na transista vyote vinabaki. Mnatoa sensa na potenshomita tu na kuingiza bodi ndogo ya kompyuta. Mimi napendelea Arduino Uno ya kunakiliwa, kwa sababu Arduino, iliyoanza Ivrea nchini Italia mwaka 2005, iliachia michoro yake wazi na ndiyo maana nakala zake ni rahisi. Bodi moja inaweza kuhudumia makundi mawili kwa zamu. Programu yake ya kompyuta ni bure, inafanya kazi bila intaneti, na inabebeka kwenye flashi. Pakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, pamoja na draiva ya chipu ya CH340 ambayo nakala nyingi zinaitumia. Bila draiva hiyo kompyuta haitaiona bodi, na kipindi kitaishia hapo.

Mambo matatu yanayounguza au kukwamisha:

Mguu wa bodi, yaani tundu lenye namba la kuchomekea waya, unatoa salama milliampia 20 tu. Mota isifungwe kwenye mguu hata kwa majaribio ya dakika moja. Mguu namba 5 na namba 6, kila mmoja upite kwenye rezista yake ya omu 1,000 mpaka kwenye besi ya transista yake, na mota ziendelee kula betri zile nne.

Bodi yenyewe ipewe umeme kwa waya wa USB kutoka pawabenki. Baadhi ya pawabenki hujizima zikiona kinachotumika ni kidogo. Ikijizima kila baada ya muda mfupi, badilisheni pawabenki kwanza kabla ya kulaumu programu.

Hasi ya betri na hasi ya bodi lazima ziunganishwe. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote, na dalili yake ni kigari kinachotetemeka au kisichosikia amri kabisa.

Sensa ya mstari tengenezeni wenyewe: taa nyeupe ya LED pamoja na rezista yake ya omu 220, na kando yake sensa moja ya mwanga, zote zikitazama chini kwa urefu wa kama sentimita 1. Kati yao weka ukuta wa tepu nyeusi, na kuzunguka zote sketi ya kadibodi ili mwanga wa dirishani usiingie. Sensa ifungwe kati ya volti 5 na mguu A0, na rezista ya omu 10,000 kati ya A0 na hasi. Njia ni tepu nyeusi ya mafundi umeme juu ya kadibodi nyeupe au marumaru.

Bodi inasoma mwanga kama namba kati ya 0 na 1,023. Wasome namba ya nyeupe na ya nyeusi, waandike ubaoni. Tuseme ni 800 na 300. Lengo ni katikati, 550, yaani ukingo wa kushoto wa tepu. Programu ya kwanza iwe ya kijinga: ikiwa juu ya lengo geuka kulia, ikiwa chini geuka kushoto. Kigari kitafika, lakini kwa kuyumbayumba. Wakishachoka nacho, waandikie hii:

kosa = kilichosomwa − lengo
kasi ya kushoto = 150 + K × kosa
kasi ya kulia = 150 − K × kosa

Kasi zinakwenda 0 hadi 255, kwa hiyo kila jibu libanwe humo. K ni namba mnayoichagua wenyewe. Waanze K ikiwa 0.1, wapande polepole hadi 1, na kwa kila K wapime muda wa mzunguko mmoja na mara ngapi kigari kimeupoteza mstari. K ndogo, kinashindwa kona. K kubwa, kinarudi kuyumba. Wachore grafu. Hii ndiyo kanuni ya udhibiti inayofunzwa vyuoni, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaielewa akiwa amepiga magoti sakafuni. Sensa hii ya mwanga ni nzito kidogo kuitikia, basi 150 ikiwa nyingi mno, punguzeni. Kasi nayo ni ya kupimwa.

Utunzaji

Chumvi ya hewa yetu haina huruma. Pini za betri na za bodi zinaota kutu ya kijani ndani ya muhula mmoja. Toeni betri kila baada ya kipindi, hifadhi bodi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na mtie ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Betri za simu na kompyuta zilizotolewa kwenye vifaa vibovu msizitumie. Zikitobolewa au kugusanishwa zinawaka moto. Kulehemu kufanyike dirishani, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwani waya wa kulehemu mara nyingi una risasi.

Roboti ya tatu: kufunika karafuu

Kwa Pemba hii ningeifanya hata kama ningekosa zote nyingine. Karafuu zimeanikwa juu ya jamvi, watu wako shambani, wingu linatanda upande wa bahari, na anayepaswa kuanua yuko mbali. Karafuu ikilowa inapoteza rangi na daraja. Kazi ya wanafunzi: kujenga kifaa kinachofunika jamvi la ukubwa wa sinia mvua inapoanza.

Transista ni ileile. Badala ya sensa ya mwanga, wekeni nyaya mbili tupu za shaba, zimeachana milimita 3 au 4, juu ya kipande cha kitambaa kilichochovywa maji ya chumvi na kukaushwa. Tone la mvua likidondoka, chumvi inayeyuka, umeme unapita, mota inakunja uzi, na uzi unavuta nailoni juu ya sinia. Kuisimamisha mota, tumieni swichi ndogo iliyotolewa kwenye maus: nailoni ikifika mwisho inabonyeza swichi na umeme wa mota unakatika. Wapime kwa multimita ni mguu upi wa swichi unaokata ukibonyezwa.

Halafu subirini asubuhi ya masika. Kifaa kitafunika jamvi bila tone kudondoka, kwa sababu chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Wanafunzi watalalamika. Waambie warudishe potenshomita kati ya besi na hasi, watafute kiwango kinachotofautisha umande na mvua. Wakishakipata, watagundua kuwa shaba imeota kijani na kiwango kimehama. Wengine watajaribu ule utambi mweusi wa penseli (grafiti) badala ya shaba, na hilo si wazo baya.

Swali la mwisho litaulizwa na mmoja wao, usiliulize wewe: mvua ikikatika, nani atafunua? Transista moja inazungusha mota upande mmoja tu. Kurudi nyuma kunahitaji njia ya kubadilishana chanya na hasi za mota, kwa swichi mbili zinazobonyezwa pamoja au transista nne. Wachore kwanza karatasini, na kwa kila mchoro wafuate umeme kwa kidole kutoka chanya hadi hasi. Kidole kikifika hasi bila kupita kwenye mota, hapo ndipo betri zitakapochemka, na mchoro huo urudi kwa mwenyewe kabla ya waya wowote kushikwa.